Muziki wa bure kwa gemu yako: kuutafuta, kuutunga na kuufanya ujirudie bila kukwaruza

Neno "bure" ndilo linalowaponza wengi. Wimbo unaoweza kuupakua bila kulipa unaweza kuwa umekatazwa ndani ya gemu, na ule unaoruhusiwa katika gemu ya bure unaweza kukatazwa siku gemu hiyo ikianza kuuzwa. Kwa hiyo anza na leseni kabla ya sikio. Ukiupenda wimbo kwanza, ukaujengea hatua nzima ya gemu, ndipo usome masharti yake wiki ya mwisho, utalia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetengeneza gemu peke yake au na wenzake wawili watatu, asiye na bajeti ya muziki, na pengine hajui kupiga ala yoyote.

Andika orodha kabla ya kufungua tovuti yoyote

Chora jedwali la safu tano: muziki unalia wapi, mchezaji atakaa hapo muda gani, hali gani ya moyo unaitaka, kasi yake, na kama unajirudia au unapigwa mara moja. Gemu ya saa moja hivi hutosheka na vipande sita au saba: kimoja cha menyu, viwili au vitatu vya uchezaji wenyewe, kimoja cha hatari au adui mkuu, na vipande viwili vifupi vya sekunde 3 hadi 5, kimoja cha ushindi na kimoja cha kushindwa.

Safu ya muda ndiyo inayoamua mambo. Mchezaji akikaa dakika 10 mahali penye kipande cha sekunde 30, atakisikia mara 20. Melodi nzuri yenye kunata itamchosha mara ya saba. Mahali pa kukaa sana weka kipande cha dakika 2 au zaidi, chenye melodi hafifu. Melodi kali ipeleke kwenye menyu na kwa adui mkuu, ambako watu hawakai.

Amua pia sauti moja itakayotawala gemu yote: ala za kompyuta za zamani, kinanda peke yake, ngoma na filimbi, vyovyote. Vipande saba vya watunzi saba, hata kila kimoja kikiwa kizuri, hufanya gemu isikike kama redio inayobadilishwa stesheni. Ukimpata mtunzi mmoja mwenye vipande vinne vinavyokufaa, chukua vinne hivyo na uache kile kimoja kizuri zaidi cha mwingine.

Leseni, moja baada ya nyingine

Nyingi utakazokutana nazo ni za Creative Commons (kwa kifupi CC), leseni zilizoandikwa tayari ambazo mtunzi huchagua moja na kuibandika kwenye kazi yake. Majina yao yanafanana, lakini kwa mtengeneza gemu yanatofautiana sana.

CC0: mtunzi ameachia haki zake zote kadiri sheria inavyomruhusu. Unakata, unabadilisha, unauza gemu, na hulazimiki kumtaja. Mtaje hata hivyo, kwa uungwana na ili ukiulizwa baadaye ujue ulikoutoa.

CC BY: karibu kila kitu kinaruhusiwa mradi umtaje mtunzi. Toleo la 3.0 linadai jina la kipande liandikwe kama mtunzi alilitoa. Toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2013, linataka useme kama umebadilisha kitu, na kufupisha wimbo ni kubadilisha. Andika yote mawili kila mara, hutapata hasara. Toleo la 4.0 lina huruma moja: ukisahau kumtaja mtunzi kisha ukarekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue kosa, ruhusa yako inarudi yenyewe.

CC BY-SA: kazi yoyote inayotokana na muziki huo lazima itolewe kwa leseni ileile. Leseni zenyewe za 4.0 zinasema wazi kwamba muziki ukiambatanishwa kwa mpangilio wa wakati na picha zinazotembea, kinachozaliwa huhesabiwa kuwa kazi itokanayo. Trela ya gemu yako inaangukia humo moja kwa moja. Kama hauko tayari kuiachia kazi yako kwa masharti hayo, mwache mtunzi huyo au mwandikie umwombe ruhusa ya pembeni.

CC BY-ND: kwa kifungu hichohicho, iepuke. Watu hudhani kwa kuwa hawajaukata wimbo basi wako salama, kumbe kuupandisha juu ya picha zinazotembea kunatosha kuvunja sharti la kutobadilisha.

CC BY-NC: haifai kwa gemu inayouzwa, yenye matangazo, au yenye vitu vya kununua ndani. Hata gemu ya bure leo iruke tu, kwa sababu siku ukitaka kuiuza utalazimika kung'oa muziki wote.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika hata na wazoefu. Leseni za CC haziruhusu kufunga kazi kwa kufuli za kiteknolojia zinazomnyima mpokeaji haki alizopewa na leseni. Hilo huleta mashaka kwa gemu inayosambazwa na duka linaloweka kufuli za aina hiyo. Ndiyo sababu tovuti ya OpenGameArt ina leseni yake iitwayo OGA-BY, ambayo ni CC BY iliyoondolewa kifungu hicho. Ukiikuta, ifurahie. Usipoikuta, mwandikie mtunzi wa CC BY sentensi mbili kuomba ruhusa. Wengi hukubali siku hiyohiyo.

Maneno "bila mrabaha" nayo hayana maana ya bure. Yanamaanisha kwamba ukishalipa mara moja hulipi tena kwa kila nakala. Tovuti nyingi za kuuza muziki hujinadi hivyo.

Muziki wa zamani una mtego wake. Bach alifariki mwaka 1750 na noti zake ni mali ya umma kila mahali, lakini rekodi ya mpiga piano wa leo akizipiga noti hizo ina hakimiliki yake yenyewe. Unahitaji vyote viwili viwe huru: tungo na rekodi. Mfano mzuri wa rekodi huru ni ile ya Kimiko Ishizaka ya Goldberg Variations, iliyotolewa mwaka 2012 kwa CC0. Usipopata rekodi huru, chukua noti zilizo mali ya umma uzipigishe mwenyewe kwa kompyuta. Lakini usichukue faili ya MIDI (yenye maelekezo ya noti, si sauti yenyewe) ya mtu yeyote bila kusoma masharti yake, kwa sababu mpangilio wake nao unaweza kuwa na mwenyewe.

Kuhusu muziki unaozalishwa na akili bandia: mipango mingi ya bure ya huduma hizo hukataza matumizi ya biashara, na duka la gemu la Steam huwataka watengenezaji watangaze maudhui ya akili bandia yaliyomo ndani ya gemu. Soma masharti ya siku uliyozalisha kipande, uyahifadhi.

Mahali pa kutafuta

Anza na OpenGameArt.org. Imejengwa kwa ajili ya gemu, kila ukurasa unaonyesha leseni, na unaweza kuchuja kwa leseni kabla ya kusikiliza. Chagua CC0, OGA-BY na CC BY, ondoa tiki kwenye zilizobaki. Baada ya hapo nenda itch.io, sehemu ya vifaa vya gemu, lakini huko kila muuzaji anaandika masharti yake mwenyewe, kwa hiyo soma ukurasa mzima hadi chini. Ukurasa usiosema chochote kuhusu leseni haujakupa ruhusa yoyote.

Kenney.nl ina vifurushi vya CC0, vikiwemo vipande vifupi vya ushindi na kushindwa ambavyo watu husahau kuvitafuta hadi siku ya mwisho. Incompetech.com ya Kevin MacLeod ina maktaba kubwa sana ya CC BY. Kasoro yake ni kwamba vipande vyake vimetumika kwenye video nyingi mno, na mchezaji anaweza kukitambua akaanza kuwaza video ile badala ya gemu yako. Chimba kurasa za ndani, uache vile vinavyojulikana.

Free Music Archive na ccMixter zina muziki mzuri, lakini leseni zimechanganyika, na NC na ND ziko nyingi. Usiipakue faili kabla ya kuangalia. Musopen ni ya muziki wa kale. Freesound.org, iliyoanzishwa mwaka 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, ni ya sauti kuliko nyimbo: upepo, mlango, chuma, pigo moja la ngoma. Ni hazina kwa anayetunga mwenyewe. Pixabay ina leseni yake yenyewe ambayo si ya Creative Commons, kwa hiyo isome kama ilivyo, usiidhanie kuwa CC0. Na maktaba ya sauti ya YouTube imetengenezwa kwa ajili ya video; usiigeuze kuwa ghala la gemu.

Kumbukumbu za kila kipande

Siku unayopakua, siyo baadaye, fungua faili moja ya maandishi na uandike: jina la faili ndani ya mradi, jina la kipande, mtunzi, anwani ya ukurasa, leseni na toleo lake, tarehe ya kupakua, ulichobadilisha. Piga picha ya skrini inayoonyesha kipande na leseni pamoja, na uuhifadhi ukurasa huo kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao. Watunzi hubadilisha mawazo na tovuti hufa. Leseni ya CC haiwezi kunyang'anywa kwa aliyekwisha kuipokea na anayefuata masharti, lakini lazima uweze kuonyesha kwamba uliipokea.

Kwenye skrini ya shukrani, maandishi yawe hivi: "Jina la kipande", mtunzi fulani, leseni CC BY 4.0, anwani ya leseni, anwani ya chanzo, "umefupishwa na kufanywa ujirudie". Mstari mmoja kwa kila kipande. Weka maandishi hayohayo kwenye faili inayosafiri pamoja na gemu, kwa ajili ya mtu asiyefika mwisho wa gemu.

Ukimwomba mtunzi ruhusa ya pembeni, barua pepe yako itaje kipande gani, gemu gani, kwamba itauzwa, kwenye mifumo ipi, kwamba itaingia kwenye trela, kwamba wachezaji watairusha mtandaoni, na kwamba ruhusa haina kikomo cha muda. Jibu la "sawa, tumia tu" kwa swali lililo wazi namna hiyo lina uzito. Kwa swali la "naweza kutumia wimbo wako?" halina.

Kutunga mwenyewe bila kujua muziki

Hili linawezekana kuliko watu wanavyodhani, na lina faida ambayo hakuna tovuti inayokupa: hakuna gemu nyingine yenye muziki huo. Fungua BeepBox kwenye kivinjari. Ni bure, haihitaji kusakinishwa, na haidai umiliki wa unachotunga. Wimbo wako wote unahifadhiwa ndani ya anwani ya ukurasa, kwa hiyo nakili anwani hiyo na uibandike kwenye faili kila baada ya dakika kumi. Anayefunga kivinjari bila kunakili hujuta.

Jaribu kipande hiki cha dakika moja kamili. Weka kasi ya mapigo 96 kwa dakika, mapigo 4 kwa kila kipimo, na vipimo 24. Kila kipimo kinachukua sekunde 2.5, jumla sekunde 60. Chagua skeli inayokupa noti A, B, C, D, E, F na G, yaani vitufe vyeupe vya kinanda.

Anza na besi. Noti moja ndefu kwa kila kipimo: A, A, F, G, kisha rudia. Hivyo umejaza vipimo 8 vya kwanza. Vipimo 8 vya katikati: D, F, C, G, mara mbili. Vipimo 8 vya mwisho: rudi kwenye A, A, F, G, mara mbili. Kipimo cha 24 kinaishia kwenye G, na G inaivuta A ya kipimo cha kwanza, kwa hiyo kurudi mwanzo kunasikika kama mwendelezo.

Kwenye njia ya pili (mstari wa ala nyingine) weka melodi, ukitumia noti tano tu: A, C, D, E na G. Ukijibana kwenye tano hizo ni vigumu kukosea. Andika wazo fupi la noti nne au tano, lirudie na badiliko dogo, halafu nyamaza mapigo mawili. Ukimya huo ndio unaoiwezesha melodi kupumua. Anayeanza hujaza kila nafasi na kipande kinageuka mlio wa simu. Usiimalizie melodi kwenye A ndefu mwishoni. A ndefu hapo ni nukta: msikilizaji anasikia "mwisho", kisha wimbo unaanza tena na anashtuka.

Kwenye vipimo 17 hadi 20 ondoa melodi kabisa, ubaki na besi na njia ya tatu inayopiga noti moja moja za A, C, E haraka haraka. Kwenye njia ya kelele weka pigo zito kwenye pigo la 1 na la 3, na pigo jepesi kwenye la 2 na la 4. Basi. Kipande kimepatikana.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, Bosca Ceoil ni rahisi karibu sawa na BeepBox, FamiStudio inakupa sauti halisi za NES, mashine ya zamani ya gemu ya Nintendo (njia mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele na moja ya sampuli), na LMMS ni studio kamili ya bure. Ndani ya studio kama hiyo unaweza kutumia ala za VSCO 2 Community Edition, rekodi za okestra zilizotolewa kwa CC0. Angalia leseni ya kila ala unayoongeza, kwa sababu wapo wanaoruhusu kutunga nayo na kukataza kuuza.

Lupu isiyokwaruza

Lupu ni kipande kinachojirudia, na hapa ndipo gemu nyingi za wanaoanza hujulikana. Muziki unafika mwisho, unasikia "tk", ukimya mdogo, kisha unaanza. Vyanzo ni vitatu, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni MP3. Namna inavyobana sauti huongeza ukimya mwanzoni na mwishoni mwa faili. Kwa kawaida mwanzoni tu ni takriban sampuli 1,105 (sampuli ni chembe ndogo za sauti ya kidijitali, kwa kawaida 44,100 kwa sekunde), yaani milisekunde 25. Ni kidogo, lakini kwenye muziki wenye ngoma mguu wako utakwambia. Tumia OGG Vorbis au WAV. Na usigeuze MP3 kuwa OGG ukidhani umepona, maana ukimya umekwisha kuingia. Itakubidi uukate kwa mkono.

Cha pili ni kukata mahali pasipo sahihi. Kama mstari wa wimbi uko juu mahali pa kukata na uko chini mahali pa kuanza, kuruka huko ndiko kunakotoa "tk". Ndani ya Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, chagua sehemu unayotaka, bonyeza Z, na kingo za uchaguzi zitasogea hadi mahali ambapo wimbi linavuka sifuri. Kisha bonyeza L kuwasha kujirudia, ucheze, na usikilize mshono tu, mara kumi, kwa hedifoni.

Cha tatu ni mwangwi uliokatwa, na hiki ndicho kinachowatesa hata wanaojua. Noti ya mwisho ya kipimo cha 24 inaacha mkia wa sekunde moja au mbili. Ukikata kwenye sekunde ya 60, mkia unakufa ghafla. Ukiuacha, lupu inakuwa ndefu na mdundo unapotea. Dawa: toa wimbo ukiwa umerudiwa mara mbili, sekunde 120 mfululizo, kisha ukate kuanzia sekunde ya 60.000 hadi ya 120.000, uitumie nusu hiyo ya pili pekee. Mkia wa mzunguko wa kwanza umeangukia mwanzoni mwa mzunguko wa pili, kwa hiyo faili yako inaanza na mwangwi wa mwisho wake. Ukiichezesha mara ya kwanza kabisa utasikia mwangwi kidogo usio na chanzo. Hakuna mchezaji atakayeutambua.

Kata kwa sampuli, usikate kwa macho. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kipimo kimoja cha kasi ya 96 kina sampuli 110,250, na vipimo 24 vina 2,646,000. Kasi za 75, 80, 84, 90, 96, 100, 105, 120, 125, 140 na 150 zote zinagawanyika bila baki kwa kipimo kizima. Kasi ya 110 au 130 inakuachia desimali, na desimali hizo zitakusumbua ukitaka gemu ihesabu vipimo.

Wimbo uliopakua ambao haukutungwa ujirudie, hasa ule wa hewa tulivu usio na ngoma, una ujanja wake. Kata kipande cha sekunde 60 katikati, kwenye ya 30. Weka nusu ya pili mbele, nusu ya kwanza nyuma yake, na uzipishanishe kwa sekunde 3: ya mbele ikififia, ya nyuma ikipanda. Unabaki na sekunde 57. Mshono mbaya sasa umefichwa katikati ndani ya kufifia, na kingo mbili za nje ni mahali palepale ulipokata, ambapo sauti ilikuwa moja toka mwanzo. Kwenye muziki wenye mdundo ujanja huu haufai, kwa sababu ngoma za pande mbili zitagongana.

Ukubwa wa faili na ukubwa wa sauti

WAV ya stirio ya sampuli 44,100 na biti 16 inakula takriban megabaiti 10.6 kwa dakika. OGG ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula chini kidogo ya megabaiti 1. Hifadhi WAV kama nakala mama, weka OGG ndani ya gemu, na kila unapotaka kubadilisha kitu rudi kwenye WAV.

Vipande kutoka vyanzo tofauti havina ukubwa mmoja wa sauti. Vipitishe vyote kwenye Audacity, athari iitwayo Loudness Normalization, kwa -23 LUFS (kizio cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) ambayo ndiyo inayokuja nayo. Usitumie ile ya kusawazisha vilele, kwa sababu kilele kimoja cha ngoma kinaweza kuufanya wimbo mzima ubaki chini. Ndani ya gemu, punguza njia ya muziki kwa desibeli 6 chini ya milio ya matukio, kisha urekebishe kwa sikio. Mchezaji anahitaji kusikia risasi inayomjia kuliko anavyohitaji kusikia melodi.

Jaribu pia kwa spika ya simu. Spika hizo ndogo hazitoi besi nzito, na kipande kilichojengwa juu ya besi kinabaki mifupa mitupu. Ipandishe besi oktava moja, au uipe wimbi lenye ukali kidogo.

Kuuingiza kwenye injini

Injini ni programu unayojengea gemu. Kwenye Godot, bofya faili ya OGG, fungua kidirisha cha Import, weka tiki kwenye Loop, kisha bonyeza Reimport. Wengi huweka tiki na kusahau hilo la mwisho. Kama muziki unaanza upya kila mchezaji akibadilisha mandhari, ni kwa sababu kichezeshi kimo ndani ya mandhari inayofutwa. Kihamishie kwenye Autoload, sehemu inayobaki hai mandhari zikibadilika. Kitelezi cha sauti kipitishe kwenye linear_to_db, inayogeuza thamani yake kuwa desibeli, la sivyo robo tatu ya kitelezi haitafanya lolote. Kuanzia toleo la 4.3 kuna AudioStreamSynchronized, inayocheza tabaka kadhaa kwa pamoja: besi na ngoma muda wote, melodi inayopanda adui akitokea. Tabaka zote lazima ziwe na urefu uleule hadi sampuli ya mwisho.

Kwenye Unity, badilisha Load Type ya muziki mrefu iwe Streaming. Ikiachwa ifunguliwe yote kwenye kumbukumbu, wimbo wa dakika 3 unakula karibu megabaiti 32. Ukitumia DontDestroyOnLoad, amri inayozuia kitu kisifutwe mandhari zikibadilika, hakikisha kitu hicho kinajikagua kama nakala nyingine ipo tayari, maana ukirudi kwenye menyu utasikia nyimbo mbili zikipishana kidogo.

RPG Maker inasoma alama LOOPSTART na LOOPLENGTH ndani ya OGG, zikiandikwa kwa idadi ya sampuli. Hapo unaweza kuwa na utangulizi unaopigwa mara moja, kisha sehemu inayojirudia.

Gemu ya kivinjari isipotoa sauti hadi mtu abofye, haijaharibika. Vivinjari huzuia sauti inayojianzisha. Weka kitufe cha "Anza" na uwashe muziki hapo.

Wachezaji wanaorusha gemu yako

Mtu akirekodi gemu yako na kuipandisha YouTube, mfumo wake wa Content ID, unaotambua muziki uliosajiliwa, unaweza kuudai muziki hata kama una leseni safi, kwa sababu mtunzi ameusajili, au mtu mwingine amechukua kipande hicho cha bure akakitumia ndani ya wimbo wake na kuusajili huo. Kabla ya kuzindua, pandisha video ya faragha yenye kila kipande, kimoja baada ya kingine, na usubiri uone kama dai litatokea. Kinachodaiwa, kibadilishe mapema. Weka kwenye mipangilio ya gemu swichi ya kuzima muziki peke yake huku milio ya matukio ikibaki, na kwenye ukurasa wa gemu andika vipande vyote na leseni zake, ili mwenye video akidaiwa awe na cha kunakili anapopinga.